Kitabu cha Walioanguka

Ukifungua rejesta ya wagonjwa ya zahanati yetu utadhani kijiji kizima kimejengwa kwenye utelezi. Watu wanaanguka! Wanaanguka masika, wanaanguka kiangazi. Wanaanguka kisimani, jikoni, njia ya shamba, hata harusini. Mwandiko ni mmoja, wino wa bluu, herufi zimelalia kulia. Ni mwandiko wangu.

Kijiji chenyewe sikitaji. Kiko wilaya ya Nachingwea, na mimi ni mzaliwa wa Ruangwa, Mmwera kwa baba na mama, niliyeletwa huku na kazi ya uuguzi, mwaka wa tisa huu. Kaka yangu alinitangulia. Aliolea huku, akapata mikorosho yake, akazaa watoto wanaoniita shangazi. Kwa hiyo nilipofika nilikuwa mgeni mwenye pa kula.

Naomba nieleze kuanguka kwetu, maana mtu wa mbali hawezi kuelewa. Mgonjwa akiwa ameumizwa na mwenzake, au amegongwa na pikipiki, anatakiwa aje na fomu ya polisi, ile inayoitwa PF3. Fomu iko kituoni, kituo kiko mjini Nachingwea, na kupanda bodaboda kwenda huko wakati wa mvua kunataka roho ngumu. Wakubwa wetu wametuambia mara nyingi kwamba aliye taabani atibiwe kwanza, fomu itafuata. Sawa. Lakini fomu ikishafuata, na mimi nafuatwa: njoo uandike maelezo, njoo utoe ushahidi, na zahanati nimwachie nani? Basi watu walijifunza, na mimi nikajifunza pamoja nao. Mtu anaingia ameshika kichwa, damu mpaka kwenye kola. "Umefanyaje?" "Nimeanguka, nesi." Naandika, nashona, tumemalizana.

Kuna bwana mmoja alikuja na alama za meno begani, ya juu na ya chini, yamejipanga vizuri kabisa. Akasema ameanguka. Nikamwambia, "Pole, baba. Umeangukia mdomo wa nani?" Alicheka mpaka akaguna kwa maumivu. Nikaandika ameanguka.

Sikuona ubaya wowote. Niseme kweli, nilijiona mtu mwema, ninayewaondolea watu usumbufu.

Sasa, miaka hii ya karibuni wamekuja wafugaji kutoka Kanda ya Ziwa na ng'ombe wao. Sisi tunawaita wote Wasukuma, hata asiye Msukuma. Tunanunua maziwa yao na tunawasema vibaya, siku hiyo hiyo, wakati mwingine kikombe kikiwa bado mkononi. Ng'ombe wakiingia kwenye ufuta, kijiji kinachemka wiki nzima.

Huyo mama alikuja siku ya mvua, katikati ya masika, kiatu kimoja mguuni na kingine hakipo. Alikuwa mdogo, sidhani kama alifika miaka ishirini na mitano. Mtoto mchanga mgongoni, na mkono wa kushoto ameubeba juu ya mkono wa kulia.

"Umefanyaje, dada?"

"Nimepigwa."

Kalamu ikasimama. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kavukavu. Wenyeji wanajua la kusema wakifika dirishani kwangu, lakini huyu mgeni hakuwa amefundishwa na mtu.

"Umepigwa na nani?"

"Vijana watatu, kule kisimani. Wanasema ng'ombe wetu wamekula ufuta wao. Fimbo ilikuwa inakuja huku." Akageuza shingo kumwonyesha mtoto mgongoni. "Nikaweka mkono."

"Unawajua?"

"Majina siyajui. Mmoja ana pengo hapa mbele. Alivaa fulana nyekundu ya mpira."

Mtume! Mtoto wa kaka yangu ana pengo hapo mbele. Jino lile lilitoka alipokuwa darasa la tano, alipoporomoka kwenye mpera, na siku hiyo alianguka kweli, maana damu nilimsafisha mimi. Na fulana nyekundu nilimnunulia mimi mwenyewe, sokoni Ruangwa, Idi iliyokuwa imepita.

Nikamwambia yule mama, "Sikiliza, dada. Nikiandika umepigwa, itabidi uende polisi Nachingwea kuchukua fomu. Na mvua hii, na mtoto huyo. Nikiandika umeanguka nakuhudumia sasa hivi, hakuna wa kukuuliza." Kila nilichomwambia kilikuwa kweli. Ningeweza kumwambia hayo hayo hata kama kijana angekuwa wa mtu mwingine. Hivyo ndivyo nilivyojiambia baadaye, mara nyingi, nikifua, nikipepeta mchele, nikiwa njiani.

"Andika unavyoona, nesi," akasema. "Mkono unauma."

Nikaandika: Ameanguka akichota maji.

Kisha nikaupapasa mkono, na hapo mikono yangu ikanisuta. Mtu akianguka hutanguliza kiganja, na akivunjika huvunjika huku chini, karibu na kiganja. Yeye alikuwa amevimba katikati, kati ya kiwiko na kiganja, upande wa kidole kidogo. Pale huvunjika mtu aliyeinua mkono kukinga fimbo. Somo hilo nilifundishwa chuoni na nililijua vizuri. Nikaufunga mkono kwa kibao na bandeji, nikampa dawa ya maumivu, nikamwandikia rufaa aende hospitali akapigwe picha. Kwenye rufaa nikaandika vilevile ameanguka. Kule nako wakanakili neno langu kama lilivyo, wakamfunga plasta, akarudi. Uongo wangu mmoja sasa ulikuwa kwenye vitabu viwili.

Kesho yake mume wake aliulizia kijana mwenye pengo, akaelekezwa nyumbani kwa kaka yangu. Hakumkuta kijana, akavunja mlango kwa hasira. Kijiji kikawaka moto. "Mnaona? Wameanza kutuvunjia nyumba!" Mume akasema, mmempiga mke wangu. Vijana wakasema, nani kampiga? Mtendaji wa kijiji akawaambia watu wavune ufuta kwanza, kikao kitakaa mwezi wa sita. Nami nikanyamaza. Nikawa napita njia ya nyuma nikienda kwa kaka, kula kwake nikaendelea kula.

Mwezi wa sita akaja binti wa utafiti kutoka Dar, na kishikwambi chake na raba nyeupe ambazo mpaka saa sita mchana zilikuwa nyekundu kwa vumbi. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akiuliza nani ameumia ndani ya miezi kumi na miwili, na ameumiaje. Kisha anatafuta majibu hayo kwenye rejesta yangu, aone kama kinywa cha mtu na kitabu cha zahanati vinasema jambo moja. Nikapewa mimi kumtembeza.

Siku ya kwanza vinywa vilishindwa vibaya. Tulimkuta mzee mmoja, kucha ya kidole gumba cha mguu hana, alijikata kwa jembe na nyuzi nilimpiga mimi.

"Babu, umewahi kuumia ndani ya mwaka huu?"

"Mimi? Sijaumia."

"Na hicho kidole?"

"Hiki? Aa, hii ni kazi, mjukuu wangu. Kuumia ni kulala chini."

Nyumba ya pili mama ana kovu la kuungua mkono mzima, alirukiwa na mafuta ya korosho akikaanga. Naye hakuumia. Hiyo ilikuwa jikoni tu, anasema, na anashangaa kuulizwa. Mwingine alikumbuka vizuri alivyovunjika mguu, kila kitu, hata nguo aliyovaa, ila alisema ilikuwa mwaka huu na kitabu kilisema mwaka juzi.

"Daah, nesi," binti akasema, "hawa watu mbona wanasahau miili yao wenyewe?"

Nikacheka kwa kiburi. Kitabu changu kilikuwa kinashinda.

Siku ya pili tukafika kwa yule mama. Plasta ilishatolewa. Akatukaribisha kwenye mkeka, akatuletea maziwa ya mgando, na alipoulizwa hakufikiri hata kidogo. "Nilipigwa. Masika, kisimani. Hapa." Akaunyoosha mkono. Katikati palikuwa na nundu ndogo, mfupa ulivyojiunga. Binti akagonga kishikwambi chake, akapitisha kidole kwenye picha za kurasa zangu, akakunja uso. Akaniinamia sikioni.

"Hapa imeandikwa ameanguka. Huyu naye anatia chumvi, eti?"

Nikasema, "Ndivyo watu walivyo."

Mimi nimesema mengi ya kipuuzi maishani, mdomo wangu hauna breki, na kila anayenijua anajua. Lakini maneno hayo matatu nikiyakumbuka mpaka leo uso unapata joto. Nilikuwa nimeshika kikombe chake, maziwa yake yako mdomoni mwangu.

Siku tatu baadaye kikao kikakaa darasani, wanafunzi wakiwa likizo. Watu wazima wamejibana kwenye madawati, magoti juu. Lililokuwa mezani lilikuwa moja tu: familia ile ibaki au ihame. Kama mke alipigwa kwanza, basi mume alikuwa na uchungu wake na mambo yangesuluhishwa. Kama hakupigwa, basi ni watu wa fujo waliovunja nyumba ya mwenyeji bila sababu, na waondoke. Yule mama alishahamishwa mara mbili tangu aolewe. Alinieleza mwenyewe siku ile ya maziwa, bila kulalamika, jinsi unavyobeba vyungu ili visivunjike.

Watu wakabishana mpaka wakachoka. Mwenyekiti akagonga meza. "Maneno basi. Nesi, tuletee kitabu. Kitabu hakina mjomba wala shemeji."

Hakujua kwamba kitabu kilikuwa na shangazi.

Nikasimama, nikakisoma. Tarehe, jina, umri. Ameanguka akichota maji. Darasa likaangua kicheko. "Si tulisema? Waongo hao!" Kaka yangu, aliyekaa dawati la mbele, akanitazama kwa upendo kabisa, jinsi alivyokuwa akinitazama utotoni nikimsaidia kuficha makosa yake kwa mama. Binti wa utafiti alikuwa amekaa dirishani. Mtoto wa kaka alikuwa nyuma, na fulana ile ile nyekundu kifuani.

Mwenyekiti akamgeukia yule mama. "Mama, umesikia mwenyewe. Unasemaje?"

Akainuka polepole, mtoto kiunoni. Akautazama mkono wake. Akaugeuza, akautazama tena, kama anatafuta kitu alichokiweka hapo na sasa hakioni.

"Mimi sijasoma," akasema. "Nesi amesoma. Kama nesi ameandika nimeanguka..." Akamweka mtoto vizuri kiunoni. "Labda nilianguka."

Jamani. Angenitukana ningevumilia. Angelia mbele ya watu wote, nadhani ningevumilia pia, Mungu anisamehe, maana nilikuwa nimeshajifunga kibwebwe cha kuvumilia. Lakini kumwona mtu anaupokonya mkono wake mwenyewe ukweli wake, anaukabidhi kwa wino wangu, kwa heshima, kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda shule! Nilikuwa bado nimesimama na kitabu, nikakiweka juu ya meza.

"Hakuanguka," nikasema.

Mwenyekiti akakivuta kitabu kwake.

"Alipigwa. Aliniambia siku ile ile, na mimi nikaandika uongo."

"Dada," kaka akasema, "unajua unachosema?"

"Najua, kaka. Najua tangu masika." Nikamwendea yule mama. "Naomba mkono wako, mdogo wangu." Akanipa. Nikauinua mbele ya darasa zima, nikawaonyesha ile nundu, nikawaambia aliyeanguka huvunjika wapi na aliyejikinga huvunjika wapi. Nikamwambia mwenyekiti ainue mkono wake kana kwamba ninampiga fimbo ya kichwa. Akauinua bila kufikiri, na watu wote wakaona pale fimbo ingetua. "Na aliniambia mmoja wao ana pengo," nikamaliza.

Vichwa vikageuka nyuma. Kijana wetu akafunga mdomo, halafu akaona kufunga mdomo hakusaidii. "Tulikuwa tunamtisha tu, shangazi," akasema kwa sauti ndogo. "Hatukumwona mtoto." Hapo hapakuwa na la kubishana tena.

Familia ikabaki. Mume akatengeneza mlango alioubomoa, na bawaba mpya. Vijana watatu wakaomba radhi mbele ya watu, wakaagizwa wamvunie yule mama mihogo yake yote, maana mkono ule hauna nguvu mpaka leo. Ng'ombe waliingia kwenye ufuta kweli, hilo mume hakulikataa, naye akaomba radhi yake. Mimi nikaandikiwa barua ya kujieleza, kisha barua ya onyo. Zote mbili nilistahili.

Jioni ya kikao binti alikuja zahanati na kishikwambi chake, hana ule uchangamfu. "Kwa hiyo, nesi, kati ya walioanguka, walioanguka kweli ni wangapi?" Tukakaa, nikafungua kitabu ukurasa kwa ukurasa. Yule wa meno begani nilimkumbuka. Mwingine alipigwa na mumewe kwa mwiko, nikamkumbuka, moyo ukauma, maana niliandika ameanguka jikoni na akarudi kwangu mara mbili akiwa "ameanguka" tena. Wengine nilikodolea macho mwandiko wangu mwenyewe nisipate kitu. Nilikuwa nimewacheka wazee wanaosahau vidole vyao, na mimi nimesahau watu kamili. Yule binti hakunicheka. Alifunga kishikwambi chake akasema, "Pole, nesi," na mimi badala ya kumjibu nikalia.

Kaka hakunisemesha. Nikaenda Ruangwa kwa mama, siku mbili, nikitafuta wa kunipa moyo. Mama ana goti bovu, ukimuuliza anasema hajambo huku ameshika ukuta. Nikamsimulia yote, nikisubiri aseme nimefanya vyema. Alinisikiliza akimenya mihogo.

"Ungeandika vizuri tangu mwanzo," akasema, "usingemwaibisha mtoto mbele za watu. Wala yule mwenzio asingeaibika kwanza."

Nikamsaidia kumenya.

Kaka alinijia siku ya Idi. Alimtuma yule kijana na sahani ya pilau iliyofunikwa, kaka mwenyewe akasimama mbali, barabarani, akijifanya anaangalia tairi ya pikipiki. Nikamwita. Akaja, tukala, hatukulizungumza.

Siku hizi mgonjwa akisema ameanguka naweka kalamu chini. Namwambia, dawa utapata, jibu lolote utakalonipa dawa utapata, na kama ni ya polisi nitakupigia simu kituoni mwenyewe. Sasa niambie. Wengine wanasema, wengine wanashikilia kuanguka kwao. Wapo wanaonilaumu kwamba siku hizi nimekuwa mgumu. Nimeitwa kutoa ushahidi mara mbili, zahanati ikafungwa siku nzima, na watu walinisema.

Mwaka jana, baada ya mvua kukatika, yule mama akaingia mbio. Amembeba yule mtoto, ambaye sasa anatembea, anakimbia, na paji la uso limevimba sawasawa na yai. Mtoto analia kwa nguvu zake zote, jambo linalotupendeza sisi wauguzi.

Nikavuta kitabu. Nikaishika kalamu. Nikaogopa kuuliza, nawaambieni kweli, maana sikujua kama nina haki ya kuuliza.

"Amefanyaje?"

"Ameanguka."

Sikuandika. Nilimtazama. Naye akanitazama, akatazama kalamu iliyosimama hewani, akaelewa. Akaunyoosha ule mkono wenye nundu, akaniwekea juu ya wangu.

"Andika tu, dada," akasema. "Huyu ameanguka kweli. Nilikuwepo."